X-Trail yangu ina LOCK, mbona ilikwama?

Swali: “Nina Nissan X-Trail ya mwaka 2009, ya petroli, giaboksi ya CVT. Mimi ni afisa ugani, kwa hiyo masika yote napanda na kushuka kati ya Lushoto, Mlalo na Mtae, na mara moja moja nateremka hadi tambarare za Umba. Wiki mbili zilizopita, kwenye kilima cha udongo mwekundu, niliweka swichi ya foo-wili kwenye LOCK nikapanda vizuri hadi kwenye kona yenye mfereji uliokatiza barabara. Gurudumu la mbele kushoto likaning'inia juu ya mfereji, la nyuma kulia likanyanyuka, yakawa yanazunguka yenyewe huku mengine mawili yametulia. Chini ya miguu nikasikia krrr, krrr, taa ya gari linaloteleza ikawa inapepesa, na injini kama inakabwa koo. Nikaachia moto, nikakanyaga tena, nikaachia tena, mpaka vijana wakanisukuma. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko, pedeli ya breki ilinitetemekea mguuni na gari likachelewa kusimama. Fundi wangu anasema umeme mwingi ndio unaonizuia, nitoe fyuzi ya ABS hadi masika yaishe. Wenzangu wananishauri niuze nitafute Land Cruiser mkonga, au Jimny. Matairi ya mbele ni mapya, ya nyuma ni yale yaliyokuja na gari kutoka Japani, bado yana kashata (meno ya tairi) kidogo. Nifanyeje?”

Pole kwa mkasa, ndugu yangu, na asante kwa kueleza kwa undani. Umeniambia ni magurudumu gani yalizunguka, mlio ulitokea wapi na mguu wako ulifanya nini, na hayo matatu yananionesha kwamba pale kwenye mfereji gari lako lilikuwa linafanya kazi iliyotakiwa. Mlio ule wa krrr haukuwa kitu kinachovunjika. Ilikuwa pampu ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasigande unapofunga breki, ikibana breki za yale magurudumu mawili yaliyokosa uzito, ili nguvu ihamie kwa wenzake. Kila ulipoachia moto uliikatiza kazi hiyo katikati, na ulipokanyaga tena ikabidi ianze upya. Nadhani ulibakiza sekunde mbili tatu tu za uvumilivu.

Lakini nianze na fyuzi, maana hiyo ndiyo inayoweza kukuumiza kesho asubuhi. Usiitoe. Ukiitoa, kwanza unapoteza ABS yenyewe. Unapoteza pia ugawaji wa breki kati ya mbele na nyuma, ule unaozuia magurudumu ya nyuma yasigande kabla ya ya mbele. Magurudumu ya nyuma yakiganda kwenye mteremko wa Mtae, mkia wa gari unataka kutangulia, na upande mmoja wa barabara ile ni bonde. Tena kitengo cha ABS ndicho kinachotunza hesabu ya mwendo wa kila gurudumu, na kompyuta ya foo-wili huazima hesabu hiyo kutoka kwake. Ikikosekana, mara nyingi taa ya 4WD nayo inawaka na gari linabaki kuvutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Fundi wako ana nia njema, ila dawa yake inaua kile hasa kilichokuwa kinakusaidia.

Sasa tuje kwenye LOCK, kwa sababu neno lile limewakwamisha wengi. Ukisoma LOCK unaamini magurudumu yote manne yamefungwa pamoja. Sivyo. Katika gari lako injini imelala upande upande na inasukuma difu la mbele moja kwa moja. Kutoka hapo propela inapeleka mzunguko nyuma, na kabla ya difu la nyuma kuna klachi ya umeme. Ukiwa kwenye AUTO, kompyuta inaibana na kuilegeza klachi hiyo kulingana na hali ya barabara. Ukiweka LOCK, inaibana ili ekseli ya mbele na ya nyuma zipate nguvu pamoja, na ukifika takribani kilomita 40 kwa saa inairudisha kwenye AUTO. Kwa hiyo LOCK inafunga mbele na nyuma. Kushoto na kulia haigusi kabisa. Difu la mbele bado liko wazi, la nyuma bado liko wazi.

Difu lililo wazi hufanya nini? Lipo kwa sababu kwenye kona gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo lazima yaruhusiwe kuachana mwendo. Utasikia watu wakisema difu hupeleka nguvu yote kwenye gurudumu linaloteleza. Si kweli, na kosa hilo ndilo linalofanya mambo mengine yasieleweke. Difu la kawaida huyagawia magurudumu mawili nguvu ya kuzungusha sawa kwa sawa, saa zote. Tatizo ni kwamba gurudumu linaloning'inia halihitaji nguvu ya maana ili lizunguke, basi na lile lililokanyaga ardhi ngumu hupewa kiasi hicho hicho kidogo. Fikiria watu wawili wanaobeba gunia kwa mti, kila mmoja ncha yake begani. Mmoja akilegeza bega, mwenzake hata awe na nguvu namna gani, gunia haliinuki.

Wewe ulikuwa umelegea bega pande mbili kwa pamoja. Mbele, gurudumu la kushoto lilikuwa hewani. Nyuma, la kulia. LOCK ilipeleka nguvu mbele na nyuma kama ilivyotakiwa, na kila difu likafuata gurudumu lake lililolegea. Hali hii ya mshazari ndiyo mtihani mgumu kuliko yote kwa gari dogo la foo-wili, kwa sababu springi zake ni fupi na magurudumu hayashuki mbali kufuata shimo. Land Cruiser mkonga wenye ekseli nzima (mhimili mmoja unaounganisha magurudumu ya kushoto na kulia) unaweza kupita pale pale magurudumu yote manne yakiwa chini.

Hapo ndipo umeme unapoingia, na nataka uelewe unavyofanya kazi ili uweze kuuamini. Kwenye kila kitovu cha gurudumu kuna sensa inayohesabu mzunguko. ABS ya kielektroniki ya Bosch iliingia kwenye Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978, na kazi yake ilikuwa moja: kuzuia magurudumu yasigande dereva anapofunga breki kwa nguvu. Baadaye ikaonekana kwamba pampu na vali zile zile zinaweza kufanya kinyume chake, yaani kubana breki ya gurudumu moja linalozunguka ovyo bila dereva kugusa pedeli. Land Rover walipotoa Freelander mwaka 1997, gari dogo lisilo na gia za chini (seti ya pili ya gia nzito za kutambaa, ile ya 4L), walitumia breki hizo hizo za ABS kulishusha mlimani polepole. Tangu hapo watengenezaji wa magari madogo wameshika njia hiyo, kwa sababu kufuli za chuma ndani ya difu ni nzito na ghali, na breki zipo tayari.

Chukua hesabu nyepesi, namba ni za mfano tu. Gurudumu linaloning'inia linahitaji Nm 30 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kuzunguka. Mwenzake naye anapata 30, na 30 haziwezi kuvuta gari mlimani. Sasa kompyuta inabana breki ya lile linaloning'inia kwa Nm 500. Ili liendelee kuzunguka, difu lazima lipeleke 530 upande huo. Kwa kuwa difu hugawa sawa, upande wenye mshiko nao unapata 530, na gari linasogea. Umeona siri yake? Breki imeliongopea difu kwamba pande zote mbili zimekanyaga ardhi ngumu. Lakini umeona na bei yake pia: injini imetoa nguvu ya magurudumu mawili, na nusu yake imeliwa na breki. Kwa hiyo ukisikia mlio ule, gari linakuomba uongeze moto kidogo na uushikilie. Wengi wetu tunafanya kinyume, tunashtuka na kuondoa mguu.

Huwa nawaonesha madereva jambo hili kwa macho, kwa sababu kwa maneno hawaliamini. Tunatafuta mtaro wa mshazari mahali tambarare, tunaingiza gari polepole mpaka magurudumu mawili yakose uzito, halafu mmoja anachuchumaa pembeni, mbali kidogo, aangalie lile linaloelea. Dereva anakanyaga. Gurudumu linazunguka, tope linaruka kwenye madigadi. Kisha krr, linashikwa, linaachiwa, linashikwa tena. Mzunguko unapungua mpaka unaweza kuzihesabu kashata zikipita moja moja. Upande wa pili tairi lenye uzito linajikunja ubavu, kokoto zilizo chini yake zinalia, gari linajivuta kama kiganja kimoja, kisha kingine, na ghafla lile lililokuwa hewani linagusa chini na kazi imekwisha. Ukihesabu tangu krr ya kwanza ni sekunde tatu, wakati mwingine nne. Dereva aliyekaa kwenye usukani anaapa kwamba ilikuwa dakika nzima.

Siku nyingine ukifika kwenye mfereji kama ule, simama kabla hujaingia. Weka LOCK ukiwa umesimama, usingoje uanze kuteleza. Weka gia ya chini kabisa kwenye CVT, uingie kwa mwendo wa kutambaa. Magurudumu yakianza kuzunguka, pandisha injini hadi mzunguko wa 2,000 au 2,500 na uuache mguu hapo hapo bila kuupapasa. Hesabu moja hadi tano. Gari likisogea hata kidogo, endelea vivyo hivyo. Ukifika tano halijasogea, acha, maana sasa unachimba. Rudi nyuma nusu mita, chagua mstari mwingine, au shuka uweke mawe chini ya gurudumu linaloelea. Kujaza mawe si aibu. Kompyuta inaweza kuugawa mshiko uliopo, ila mshiko usiokuwepo haiwezi kuutengeneza.

Injini iliyokuwa kama inakabwa ni suala tofauti kidogo. Ndani ya mfumo ule mna mikono miwili. Mmoja unabana breki za gurudumu linaloteleza, wa pili unaipunguza injini pumzi ili uteleze kidogo. Kwenye lami yenye mvua mkono wa pili unaokoa maisha. Kwenye tope na mchanga unaweza kukuua mwendo mahali ambapo mwendo ndio pekee unaokubeba. Kwa ajili hiyo umewekewa swichi ya VDC OFF (VDC ndilo jina la Nissan la udhibiti wa kuserereka). Kwenye magari mengi ya Nissan yenye swichi hiyo, ukiibonyeza injini inaachiwa huru, lakini kubana breki za gurudumu linalozunguka kunaendelea. Ndiyo unayotaka. Jirani yako mwenye Toyota afahamu kwamba kwenye nyingi ya hizo, kubonyeza kwa muda mfupi kunaachia injini, na kushikilia zaidi ya sekunde tatu gari likiwa limesimama kunazima na ule udhibiti wa kuserereka. Ukishapita matope, iwashe tena. Kurudi nayo imezimwa kwenye lami ya kutoka Lushoto kushuka Mombo, na kona zile, ni hatari isiyo na sababu.

Kuna kitu kimoja ambacho gari dogo haliwezi kukificha, nacho ni joto. Breki zinazobana muda mrefu zinachemka. Klachi ya umeme ya nyuma ikiteleza muda mrefu inachemka. CVT ikisukumwa mlimani polepole nayo inachemka, na ikizidi kiwango inajipunguzia nguvu yenyewe ili isiungue. Gari lenye gia za chini lingetambaa pale injini ikiwa imetulia. Lako halina gia hizo, kwa hiyo mateso yote yanabaki kuwa joto. Kama umejaribu mara tatu nne mfululizo, simama dakika kumi au kumi na tano, injini ikinguruma taratibu, gia ikiwa P, ukiwa umevuta breki ya mkono. Dakika hizo zitumie kupiga koleo.

Kwa habari ya taa, ichunguze ile ya 4WD kwa makini. Kwenye mifumo ya Nissan ya aina hii, ikipepesa haraka, kama mara mbili kwa sekunde, inakuambia mafuta ya mfumo yamepata moto. Ikipepesa polepole, kama mara moja kila sekunde mbili, inalalamika kwamba magurudumu ya mbele na ya nyuma hayalingani ukubwa. Nimetaja hili kwa makusudi, kwa sababu umeniandikia jambo la matairi kwenye mstari wa mwisho kana kwamba ni dogo, na mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote.

Tuseme umevaa 215/65 R16. Tairi jipya la ukubwa huo lina kipenyo cha milimita 686 hivi. Likiisha kashata kwa milimita 5, kipenyo kinapungua milimita 10. Katika kila kilomita jipya litazunguka kama mara 464 na lililokwisha kama mara 471. Mizunguko saba haionekani kitu, lakini kwenye LOCK ekseli mbili zinatakiwa ziende pamoja, kwa hiyo tofauti hiyo lazima iteleze mahali fulani, aidha chini ya tairi au ndani ya klachi. Kutoka Lushoto hadi Mlalo na kurudi, ni mamia ya mizunguko ya kusaga. Kompyuta nayo, inayolinganisha namba za magurudumu ili ijue nani anateleza, inapewa namba zenye uongo ndani yake tangu asubuhi.

Halafu kuna umri. Geuza tairi la nyuma utafute tarakimu nne zinazofuata herufi za DOT. Zikiwa 1714, maana yake lilitengenezwa wiki ya 17 ya mwaka 2014. Mpira wa zamani kiasi hicho unakuwa mkavu hata kama kashata zipo, na mpira mkavu hauishiki lami yenye mvua wala jiwe lenye tope. Nakusihi ununue mawili ya nyuma yanayofanana na ya mbele, chapa ile ile na mchoro ule ule. Kama mfuko unaruhusu, badilisha yote manne uweke yenye kashata pana za njia zote, zinazojisafisha tope zinapozunguka. Udongo mwekundu wa Usambara hujaza mifereji ya tairi la lami mpaka likawa laini kama andazi, na hapo hata mfumo wa umeme wa gari la bei ya nyumba hautakusaidia. Spea tairi nalo liwe la ukubwa huo huo. Na usinunue tairi moja moja kwa gari la foo-wili.

Upepo pia. Kwenye tope jembamba lililo juu ya ardhi ngumu, kushusha kutoka PSI 32 hadi 24 hivi kunalifanya tairi likanyage kwa eneo refu zaidi. Kwenye mchanga mkavu wa makorongo kule chini unaweza kufika 18, ukienda polepole na bila kukata kona kwa ghafla, maana tairi linaweza kuchomoka kwenye ringi. Beba kipimo na pampu ndogo ya umeme, ujaze tena kabla ya kurudi kwenye mwendo wa kawaida.

Sasa ule mteremko. Pedeli iliyokutetemekea ni ABS ikiachia na kubana, na usiogope wala usiupandishe mguu. Kandamiza imara, achia kazi ya kupampu ifanywe na mashine. Lakini ni kweli kwamba kwenye kokoto na udongo uliolegea ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama. Gurudumu lililoganda husukuma kijilima cha udongo mbele yake, na kijilima hicho husaidia kusimamisha gari. ABS hairuhusu kijilima hicho kijengeke. Inachokupa badala yake ni usukani unaotii, na pembeni ya bonde mimi nachagua usukani. Dawa ya umbali ule ni kuanza kushuka taratibu tangu juu.

Kama toleo lako lina swichi yenye picha ya gari likishuka mlima, itumie. Simama kileleni, weka LOCK, gia ya chini kabisa, bonyeza swichi, kisha ondoa miguu kwenye pedeli zote mbili. Gari litashuka kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, likibana kila gurudumu kwa kiasi chake. Mguu wako hauwezi kufanya hivyo, kwa sababu pedeli ni moja na magurudumu ni manne. Ukihisi gari linaanza kuserereka kama sabuni, usirukie breki. Gusa moto kidogo tu, magurudumu yapate kuzunguka sawa na ardhi inavyopita, na usukani utarudi. Hili linahitaji mazoezi, na mazoezi hayafanyiki Mtae. Tafuta mteremko mfupi wenye uwanja tambarare chini yake.

Kuhusu kuuza gari, nitakuambia ninavyoona mimi. Mkonga wa Land Cruiser, hasa uliowekewa kufuli za difu, utapita pale bila kuuliza. Lakini utaulipia siku zote za mwaka kwa mafuta na spea, na uzito wake wa zaidi ya tani mbili hauna huruma kwenye barabara ya udongo inayoinamia bonde. Ukianza kuserereka, unaserereka kweli. Jimny iliyotoka mwaka 2018 ni gari dogo la kweli la mashamba: fremu ya ngazi, ekseli nzima mbele na nyuma, gia za chini, na ukiwa kwenye 4L mfumo wake wa kubana breki za gurudumu linaloteleza unafanya kazi pamoja na gia nzito, kwa hiyo injini haitaabiki kama yako. Ila nyuma ya viti hakuna nafasi ya maana. Mtu wa ugani anayebeba mbegu, pampu za dawa na wakulima wawili atajuta. Wengi husahau Suzuki Escudo ya kizazi kilichotoka mwaka 2005. Yapo matoleo yake yenye 4L na kufuli ya difu la kati, yana nafasi ya familia, na mtumba wake bado unapatikana. Kama kweli unabadilisha gari, hilo ndilo ningelitazama kwanza, nikihakikisha swichi ya 4L ipo, kwa sababu si matoleo yote yanayo.

Hata hivyo, kwa unavyonieleza, unakwama mara chache na mahali panapojulikana. Ningekuwa wewe ningebaki na X-Trail, ningenunua matairi, koleo, kamba ya kuvutia na minyororo ya magurudumu ya mbele kwa siku mbaya za Aprili, nikijaribu kwanza nyumbani kama minyororo haigusi shokapu. Mpaka wa gari lako uko mahali pamoja tu: tumbo. Lina nafasi ya kama sentimita 20 chini. Siku ambayo malori yamechimba mifereji mirefu kuliko hapo, tumbo litakalia udongo, magurudumu yatabaki yanapunga hewa, na hakuna kompyuta inayoweza kukutoa. Siku hiyo panda bodaboda au ahirisha safari.

Tambarare za Umba ni habari nyingine. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hunata na kujaza nafasi yote kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linashindwa kugeuka. Pale hesabu ya sekunde tano haina maana. Zima udhibiti wa injini kwa swichi ya VDC OFF kabla ya kuingia, shika mwendo mmoja, usisimame katikati, na kama mvua imenyesha usiku kucha, subiri jua. Korongo lenye maji yanayokimbia usilivuke kwa gari hili hata kama waliokutangulia wamevuka.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaona kutoka hapa, na yanahitaji fundi mwenye mashine inayosoma kompyuta zote za gari, siyo ya injini peke yake. Nenda mara moja kama taa ya ABS au ya 4WD inabaki imewaka baada ya gari kupoa, kama unasikia mvumo kutoka nyuma unaoongezeka na mwendo, au kama ukikata kona kali kwenye lami ukiwa kwenye AUTO gari linajikaza na kurukaruka. Mwombe pia aangalie mafuta ya difu la nyuma na ya CVT yalibadilishwa lini. Gari la mwaka 2009 lisilo na kumbukumbu yoyote lihesabu kwamba hayajawahi kubadilishwa.

Mkiwa hapo, mwombe afungue ukurasa wa mwendo wa magurudumu manne, wewe uendeshe taratibu kwenye barabara iliyonyooka, yeye akitazama. Namba nne zinatakiwa zipande pamoja kuanzia mwendo wa kutambaa. Moja ikibaki sifuri halafu ikaruka hadi kwa wenzake, sensa hiyo ina tope, waya wake umechubuka kwenye mkono wa springi, au beringi imekwisha, na hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Namba zikiwa sawa na matairi yakiwa manne ya aina moja, rudi kwenye kona ile siku kavu ukiwa na mwenzako nje ya gari, weka LOCK, ingia mferejini taratibu, na ukisikia krr, uache mguu hapo hapo ulipo.